Suruali ya mwanajeshi huamuliwa na asiyeivaa

Nina suruali moja ya mifuko pembeni, ile mikubwa ya kwenye paja, niliokota mtumbani miaka ya nyuma na wife anaichukia kinoma, anasema nikiivaa nafanana na fundi bomba aliyepotea njia. Mi siiachi ng'o. (Ni nyeusi jamani, msije mkanisemea, zile za mabaka mabaka sizigusi, sheria ya hapa kwetu Bongo naijua.)

Ile mifuko haikuletwa na watu wa fasheni. Askari wa miamvuli wa Marekani walipewa suruali ya hivyo mwaka 1942, na aliyeichora, William Yarborough, mwenyewe alikuwa mrukaji, kwahiyo alikuwa anajua kwamba ukishatua ulichonacho ni kile ulichokibeba mwilini, risasi, bomu la mkono, msosi, basi. Na bado vijana wakaona inachanika magotini, wakawapelekea wale mafundi wao wa miamvuli wakawashonea viraka vya turubai. Yaani mvaaji kasema, mvaaji kasikilizwa. Bahati mbaya jeshini hiyo huwa ni nadra sana.

Chukua Ufaransa. Kuanzia 1829 askari wao wa miguu alivaa suruali nyekundu, tena nyekundu ya kuwaka, rangi ikitoka kwenye mizizi ya mmea waliokuwa wanalima wenyewe kule kusini upande wa Avignon. Baadaye Wajerumani wakagundua namna ya kuitengeneza rangi ileile kiwandani, wakulima wakafa njaa, na ikafika mahali suruali ya fahari ya Mfaransa inapakwa rangi ya kununua kwa adui yake! Wakati huo Waingereza walishahamia kaki, ambayo kwa asili ni neno la Kiajemi la vumbi, Wajerumani nao wako kwenye kijivu. Mfaransa akajaribu bluu ya kufifia, akajaribu kijani cha kufifia, kila mara wakubwa na magazeti wanapiga kelele. Eugène Étienne, aliyewahi kuwa waziri wa vita, anakumbukwa kwa kusema kwamba suruali nyekundu ndiyo Ufaransa yenyewe. Mzee yule hakuwa anaenda kutambaa nayo kwenye shamba la ngano.

Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia inaanza, wakaenda nayo vitani kupigana na Wajerumani. Tarehe 22 ya mwezi huo peke yake walikufa Wafaransa kama 27,000. Sitaki kuisingizia suruali, maana bunduki za rashasha na mizinga haviulizi umevaa nini, na kofia zao tayari zilikuwa na kitambaa cha bluu cha kufunikia wekundu. Ila hicho kitambaa ndo kinaniudhi zaidi, inamaanisha walijua kabisa kuwa nyekundu inaonekana mbali, wakaficha kichwa wakaacha miguu. Hadi mambo yameharibika ndo wakaanza kuwapa suruali za bluu za kuvaa juu ya zile nyekundu.

Lakini anayeninyima usingizi mimi ni Lucien Bersot. Huyu askari wa Kifaransa kabla ya vita alikuwa fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma kwenye kwato. Majira ya baridi ya mwaka 1915 yuko kwenye mahandaki kule Aisne, kaskazini mwa Ufaransa, na suruali nyeupe ya kitambaa chepesi, anatetemeka, akaenda kuomba ya sufu kama ya wenzie. Akapewa nyekundu iliyochanika, ina damu, imevuliwa kwa maiti. Akaikataa, na mimi ningeikataa, na wewe unayesoma hapo ungeikataa. Wakampa siku 8 za kifungo, ikaonekana haitoshi, mkuu wa kikosi anataka wengine wapate funzo, akapelekwa mahakama ya kijeshi na tarehe 13 Februari wakampiga risasi. Wenzie wawili waliojaribu kumtetea wakafungwa kazi ngumu.

Mtu hakuomba mtindo wala hakuomba rangi, kaomba joto tu. Mwaka 1922 mahakama ikamsafisha jina, mkewe na mtoto ndo wakabaki na hilo. Na sheria ya kubadilisha zile sare, kuachana na nyekundu, ilikuwa imeshapita tangu Julai 1914, yaani miezi saba kabla hajasimamishwa mbele ya bunduki za wenzake.