Aquarela do Brasil: samba ya nchi au samba ya serikali?

Tangu mtunzi Mbrazili Ary Barroso alipoitunga mwaka 1939, samba iitwayo Aquarela do Brasil (yaani picha ya Brazil ya rangi za maji) imeimbwa na kurekodiwa na watu wasiohesabika, lakini Wabrazili wenyewe hawajaacha kubishana kuihusu. Kuna wanaoipa heshima ya wimbo wa pili wa taifa. Kuna pia ambao, wakiisikia tu, wanamkumbuka Rais Getúlio Vargas, aliyelivunja bunge Novemba 1937 na kutawala kidikteta hadi 1945.

Wanaoishutumu wana hoja. Santuri ya mwaka huo wa 1939, iliyoimbwa na Francisco Alves kwa mpangilio wa Radamés Gnattali, iko mbali na samba za vilimani Rio de Janeiro, kwenye mitaa ya maskini. Okestra ni kubwa, sauti inapaa, na nchi inasifiwa mwanzo hadi mwisho bila doa. Baada yake zikafuata samba nyingi za kuitukuza Brazil, na watawala wakazipenda, kwa kuwa walikuwa wakiwahimiza watunzi wasifu kazi na uzalendo, waache kuwasifu wahuni wa vijiweni.

Hata hivyo tarehe zinamtetea Barroso kwa kiasi fulani. Idara ya propaganda ya Vargas, DIP, iliundwa Desemba 1939, wakati samba hii ilikwisha kuimbwa jukwaani na kutiwa kwenye santuri. Inasimuliwa hata kwamba wakaguzi wa serikali waliupinga mstari unaoiita Brazil nchi ya samba na tari, wakiona unaishusha hadhi. Mtunzi akaung'ang'ania. Mimi naupima wimbo huu kwa mstari huo. Kuuweka muziki wa watu weusi katikati ya picha ya taifa, mbele ya wakubwa walioona haya kuusikia, si kazi ya kibaraka.

Shutuma iliyo nzito zaidi, kwangu, iko ndani ya mashairi. Barroso anamwita mama mweusi, yaya wa enzi za utumwa, anamtaja mfalme wa Kongo katika congado, ngoma ambayo mkoani kwao Minas Gerais mpaka leo ina vikundi viitwavyo Moçambique, yaani Msumbiji, jina la pwani ya huku kwetu ambako watu wengi walichukuliwa na kuvushwa bahari. Anawataja kwa mapenzi ya kweli. Lakini utumwa ulikomeshwa Brazil mwaka 1888, miaka 51 tu kabla ya samba hii, na katika picha yake hakuna mjeledi wala shamba la miwa. Yaya yule tunaonyeshwa mapenzi yake, jasho lake hatulioni. Hapo wakosoaji wamesema kweli, na uzuri wa sauti hauwezi kulijibu hilo.

Ila waliofanya vibaya zaidi ni waliokuja baadaye. Mwaka 1942 Walt Disney aliitia samba hii katika filamu ya Saludos Amigos, wakati Marekani ikiisaka Brazil iwe upande wake vitani. Ulimwengu ukaipenda. Kisha Bob Russell akaiandikia maneno ya Kiingereza kuhusu wapenzi wawili chini ya mbalamwezi: mama mweusi hayumo, mfalme wa Kongo hayumo, tari halimo. Ni maneno hayo yaliyotumika katika filamu ya Terry Gilliam ya mwaka 1985, Brazil, ambamo karani anayesongwa na dola katili anauota wimbo huu kama mahali pa kukimbilia. Filamu ni nzuri, lakini nchi iliyouzaa wimbo haimo kabisa.

Ndani ya Brazil jibu lilitolewa kwa wimbo mwingine. Mwaka 1978, chini ya utawala wa kijeshi, mwimbaji Elis Regina aliimba Querelas do Brasil (yaani malalamiko ya Brazil, jina linalocheza na lile la Aquarela) ya Maurício Tapajós na Aldir Blanc, inayolalamika kwamba Brazil ya kuuzwa nje haiijui Brazil ya ndani. Elis huyohuyo alikuwa amekwisha kuirekodi Aquarela mwaka 1969, pamoja na Toots Thielemans, mpiga harmonika Mbelgiji. Kumbe mtu anaweza kuipenda na bado akaikatalia.

Rekodi inayonishawishi kuliko zote ni ya mwaka 1981, ya waimbaji Wabrazili João Gilberto na Caetano Veloso na Gilberto Gil. Sifa zilezile, mama mweusi yuleyule, lakini okestra ya kishindo imeondoka na wanaimba kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza sebuleni. Caetano na Gil waliwahi kufungwa na wanajeshi kisha wakaishi uhamishoni London. Wao wakiisifu nchi yao, hakuna anayeweza kusema wametumwa na serikali.