Sijda ndefu

Ramadhani iliyopita shehe wetu alitoa darsa baada ya alasiri, akasimulia kisa cha Mtume (S.A.W.) alivyorefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limempata, kumbe mjukuu wake kapanda mgongoni na yeye hakutaka kumharakisha. Aisee kile kisa kilinichoma. Mimi binti yangu akinipanda namshusha kwa kiwiko, na hapo hata siswali, nipo na simu naangalia magoli.

Nikaweka nia palepale, simu kabatini, mtoto nimpe moyo wote.

Magharibi nikafuturu tende tatu na uji, kofia nikavua maana joto la Dar mnalijua, nikaswali sebuleni. Sijda ya mwisho tu huyo, kapanda. Nikatulia tuli. Akaanza kunipapasa kipara taratibu, kitu cha baridi hivi kinateleza mpaka kisogoni, nikasema moyoni kumbe mapenzi ya mtoto ndo yako hivi na mie nayakosa kisa simu! Machozi yakanilenga kabisa. Nikavuta sijda weee mpaka magoti yakakataa, ndo nikanyanyuka, yeye huyoo mbio chumbani. Udhu ninao, sina haja ya kwenda bombani wala kwenye kioo, kofia kichwani, nikaondoka kuwahi isha na taraweh.

Sikuwahi. Nikapata nafasi safu ya mwisho ya wakubwa, nyuma yangu watoto wa madrasa. Sijda ya kabla ya tahiyatu kofia ikadondoka, sasa utaiokota vipi upo kwenye swala, nikaiacha nikakaa. Msikiti kimya, feni tu zinalia. Nyuma nasikia katoto kanasoma kwa sauti ya kujiamini kama kapo mbele ya mwalimu:

"A... e... i... o..."

"U hamna," mwenzake akamjibu.

Safu nzima ya watoto ikaangua kicheko, na wakubwa nao wakashikwa na kikohozi, kikohozi gani kinakamata watu kumi kwa mpigo? Kutoa salamu tu mzee wa pembeni kanikagua kisogo akaniuliza, "Mwanangu, leo umekuja na ubao?"

Taraweh sikukaa. Nyumbani nimesugua sabuni, nimesugua spiriti, maka peni wala haina habari. Nikamwita mwenyewe nimuulize.

"Baba," kaninunia, "u ilikuwa bado, si uliinuka haraka."