Diski ngumu ya mizunguko 5400 bado ina kazi sebuleni

Sinema ikifika pale wahusika wanapotazamana bila neno, na muziki umekatika, ndipo kompyuta iliyo chini ya televisheni inapoanza kusikika. Kwanza ule mvumo wa chini uliokuwa umefunikwa na milio ya magari na risasi. Halafu krr, krr, krr: kichwa cha diski kinatafuta sehemu inayofuata ya faili. Mwenye nyumba anainua shingo, na kesho yake anaanza kuulizia diski mpya, kubwa ya kubeba maktaba yake yote na tulivu kiasi cha kusahaulika.

Majibu anayopata ni mawili. Wa kwanza wanamwambia diski za kuzunguka zimepitwa na wakati, aweke SSD pekee, yaani hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Wa pili wanakubali kwamba terabaiti nyingi za SSD ni ghali, ila wanamwonya asithubutu kuchukua diski ya mizunguko 5400 kwa dakika: picha za 4K zitakwama, achukue ya 7200 au aache kabisa. Kundi la kwanza lina hoja, nitairudia. La pili limerithi onyo la zama nyingine, na kwa sababu ya onyo hilo watu wengi wamejinunulia kelele wasiyoihitaji.

Tuupime mzigo wenyewe. Ni nadra sebule kupokea picha nzito kuliko ile ya santuri ya Blu-ray ya Ultra HD. Kwa kanuni za santuri hizo, hata zile kubwa za gigabaiti 100 zina kikomo cha megabiti 128 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo kilele ni megabaiti 16 kwa sekunde. Diski ngumu kubwa ya siku hizi ya mizunguko 5400 husoma megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde kwenye ukingo wa nje wa visahani vyake, vile vinavyozunguka na kubeba data, na karibu nusu ya hapo kwenye ukingo wa ndani, ambako mzingo ni mfupi. Chukua hiyo nusu, hali mbaya kabisa: 75. Bado ni zaidi ya mara nne ya kinachohitajika.

Na hata hiyo 16 ni ya kupita tu. Sinema ya saa mbili ina sekunde 7200 (tarakimu ileile ya mizunguko, kwa bahati tu). Zidisha kwa 16 unapata gigabaiti 115, ambazo hazienei kwenye santuri ya 100. Yaani sinema ya saa mbili haiwezi, hata ikitaka, kukaa kileleni mwanzo mpaka mwisho. Ikiijaza santuri nzima, wastani wake haufiki megabaiti 14 kwa sekunde. Ikiwa kwenye santuri ya gigabaiti 66, iko 9 na kidogo. Narudia namba hizi kwa sababu kila nikizitaja kuna anayeniuliza kama nimesahau sifuri mahali fulani. Sijasahau. Tazama taa ya diski wakati sinema inacheza: inawaka kidogo, inazima, inakaa. Diski imeshajaza kipande kwenye kumbukumbu ya kompyuta na sasa inasubiri mtazamaji aifikie. Ongeza watazamaji wawili vyumbani, kila mmoja na sinema yake ya kileleni, jumla ni 48. Hapo kichwa kitakuwa kinahama huku na huko na sehemu ya kasi itapotea njiani, lakini nafasi ipo.

Kwa hiyo 7200 inaongeza nini? Inaongeza wepesi wa kufika. Kwa wastani diski husubiri nusu mzunguko kabla data inayotakiwa haijapita chini ya kichwa: milisekunde 5.6 kwa 5400, milisekunde 4.2 kwa 7200. Hakuna kidole kinachobonyeza rimoti kitakachoihisi tofauti hiyo. Kwenye mfumo endeshi, wenye maelfu ya vifaili, milisekunde hizo hujumlishana mpaka mtu akakereka, na hapa ndipo watu wa SSD wanaposema kweli. SSD ndogo, hata ya gigabaiti 250, ibebe mfumo endeshi, programu na picha za majalada ya sinema. Menyu inakuwa nyepesi, na kuna faida nyingine isiyotajwa sana: ile krr krr inapungua, maana sehemu kubwa ya kuhangaika kwa kichwa ilitokana na vifaili hivyo, si sinema. Faili moja kubwa lililopangwa kwa mfululizo halikifanyi kichwa kirukeruke.

Ukibaki mvumo, fizikia iko upande wa diski ya polepole. Mizunguko 5400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, na 7200 ni 120, kwa hiyo mtetemo mkuu wa kila moja una sauti ya hertzi hizo. Sikio la binadamu huwa zito kadiri sauti inavyoshuka. 90 hulipita kwa urahisi zaidi kuliko 120. Hewa inayovurugwa na visahani nayo hupungua kasi ikipungua, na umeme unaoliwa pia, wati kadhaa pungufu. Wati hizo si za kupunguza bili tu. Ni joto ambalo feni halitalazimika kulitoa, na feni likienda taratibu sebule inapata utulivu mara ya pili kutoka kwenye uamuzi uleule mmoja.

Tahadhari na karatasi za vipimo, lakini. Kelele ya diski huandikwa kwa nguvu ya sauti inayotoka kwenye chanzo, wakati ya feni mara nyingi huandikwa kwa kile kinachopokewa umbali fulani. Zote zinaitwa desibeli, na kuzilinganisha moja kwa moja ni sawa na kulinganisha ukali wa taa na mwanga unaofika kwenye kitabu. Hata neno 5400 limewahi kuchezewa. Mwaka 2020 wanunuzi waliweka maikrofoni karibu na diski za Western Digital zilizoorodheshwa kuwa za daraja la 5400, na kilichotokea kwenye mchoro wa sauti kilikuwa hertzi 120. Zilikuwa zinazunguka mara 7200. Kampuni ikajibu kwamba neno daraja lilihusu utendaji. Nakiri kesi hiyo ilinifurahisha, kwa sababu sikio ndilo lililoigundua.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kuupunja. Kuanzia terabaiti 10 kwenda juu diski nyingi sana huzunguka mara 7200, basi anayetaka terabaiti 16 kwenye diski moja hana uchaguzi mpana. Pia si adhabu kama zamani. Tangu kampuni ya HGST ilipotoa diski ya terabaiti 6 iliyojazwa heliamu mwaka 2013, diski kubwa zimehamia kwenye gesi hiyo, yenye uzito wa karibu sehemu moja ya saba ya hewa, na visahani vikizunguka ndani yake hukutana na ukinzani mdogo. Zikitulia, baadhi ni kimya kuliko namba yao inavyotisha. Kinachozisaliti ni kichwa: zimeundwa kwa ajili ya kumbi za seva ambako hakuna anayelala, na zikitafuta data zinagonga kwelikweli. Je, mbili za polepole za terabaiti 8 badala ya moja ya 16? Ningependa kusema ndiyo, ila diski mbili zenye kasi inayokaribiana bila kulingana huzaa mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi, na pumzi hiyo huchokoza sikio kuliko sauti iliyonyooka. Ukiwa na kabati la kuzificha mbali, sawa. Ndani ya kasha moja chini ya televisheni, moja kubwa inaweza kushinda.

SSD peke yake haina mvumo wala mgongano, haijali kuangushwa, na mwenye uwezo wa kulipa simkatazi. Lakini kila terabaiti yake bado hugharimu mara kadhaa ya ile ya diski ngumu, na anacholipia ni kasi ambayo sinema, kama tulivyoona, haina pa kuitumia.

Kuna jambo moja ambalo lawama zake naziona zimemwagika nje ya chombo. Diski nyingi za polepole za bei nafuu huandika kwa SMR, njia ya kupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa. Mwaka huohuo wa 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa hivyo. Waliozipanga kwenye RAID, safu ya diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu diski za namna hiyo huweza kujikokota vibaya safu inapojengwa upya. Sinema haiandikwi upya. Inanakiliwa mara moja na kusomwa miaka. Siku ya kwanza ukihamisha terabaiti nne kwa mkupuo, utaona kasi inaporomoka baada ya muda, uache ifanye kazi usiku kucha. Anayerekodi vipindi vya televisheni kila siku na kufuta, huyo ndiye aikwepe.

Udhaifu halisi wa baadhi ya diski hizi upo kwingine. Zile za Green za Western Digital zilikuwa zikiegesha kichwa, yaani kukiweka kando ya visahani, baada ya sekunde 8 tu za kupumzika, nazo zilikadiriwa kustahimili maegesho 300,000. Programu inayoigusa diski mara moja kila dakika, mchana na usiku, ingemaliza idadi hiyo kwa siku 208 hivi. Kompyuta ya sebuleni yenye programu ya maktaba inayochungulia folda kila mara ni mazingira hayohayo. Angalia hesabu ya maegesho kwenye taarifa za SMART, kumbukumbu ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake, wiki ya kwanza. Ikipanda kwa mamia kila siku, rekebisha muda wa kuegesha au punguza uchunguliaji.

Kabla ya kununua chochote, washa sinema yenye utulivu, nyamazisha spika, kisha bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja. Mvumo ukififia, basi diski inapiga ngoma ya bati, na ngozi ya ngoma hiyo ni kasha lako. Legeza skrubu, weka vipande vya mpira kati ya chuma na chuma, au ining'inize diski kwa mpira wa kuvutika, huku ukihakikisha bado inapitiwa na hewa. Mvumo ukibaki vilevile, ondoa kiganja, sogeza sikio karibu na feni.