Heidi Kabel alikuwa na nyumba, King Majuto hakuwa nayo

Nikishuka treni katika kituo kikuu cha Hamburg na kutokea upande wa Ohnsorg-Theater, ukumbi wa maigizo, huipita sanamu ya shaba ya Heidi Kabel, kwenye uwanja uliopewa jina lake. Mimi ni mtu wa Tanga, na mwanzoni sikuelewa kwa nini mwigizaji wa vichekesho apewe uwanja mzima. Aliyenielewesha ni jirani yangu, bibi wa ghorofa ya kwanza, aliponikaribisha kahawa na kuniwekea mchezo wa "Tratsch im Treppenhaus", uliorekodiwa miaka ya 1960, ambamo Kabel ni Meta Boldt, mmbea wa ngazini asiyepitwa na neno la jirani. Yule bibi alicheka kabla kichekesho hakijafika, midomo yake ikiyatangulia maneno. Mimi nilikuwa nikiwaona wa barazani kwetu.

Kabel alizaliwa Hamburg mwaka 1914, akamsindikiza rafiki yake kwenye majaribio ya uigizaji, akachukuliwa yeye. Alianza jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1930, akaaga mwaka 1998, akafariki 2010. Jukwaa lake, Ohnsorg, huigiza kwa Platt, lugha ya kaskazini ambayo Mjerumani wa kusini huisikia kwa taabu. Ndiyo maana kwenye televisheni waliilegeza mpaka nchi nzima ikaelewa. Kitu kilipotea hapo, nadhani, lakini lafudhi ya Hamburg haikufichwa.

Sisi nasi tulikuwa na mchekeshaji wetu, Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Mapenzi hayakupungua, kwani wenzangu wa rika langu karibu wote hujaribu kumwigiza. Kilichopungua ni nyumba ya kuigizia. Kabel alifanya kazi katika kundi moja kwa zaidi ya miaka 60, penye tiketi, mishahara na mafundi wa mapazia, na alipoondoka wengine waliendelea pale pale. Majuto tulimpata kwenye kanda na DVD, nyingine zikiwa zimerudufiwa vichochoroni, na nakiri kwamba hizo nami nilizinunua kwa kuwa zilikuwa rahisi.

Tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada. Ningependa ujumbe mmoja kutoka nyumbani ufikishwe Ohnsorg, si kupiga picha na sanamu, bali kuingia ofisini na kuuliza tiketi inalipia nini, na fundi wa taa analipwa na nani.