Makala Iliyozaliwa Nairobi na Hesabu ya Marejeleo

Mwaka 1964, uhuru wa Kenya ukiwa bado mbichi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa pande tatu. Waajiri binafsi wangeongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama navyo vingeacha kudai nyongeza ya mishahara kwa muda. Kwenye karatasi, foleni za wasio na kazi zilitakiwa kupungua. Habari zilipofika vijijini kwamba mjini kuna kazi, watu walifunga virago wakaja. Foleni zikabaki.

Kitendawili cha namna hiyo ndicho walichokitegua John Harris na Michael Todaro, wachumi wawili wa Kimarekani waliofanya utafiti katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya chuo kikuu cha Nairobi. Makala yao ilitoka 1970 katika jarida la American Economic Review, na hoja yake inaelezeka kwa chaki ubaoni ndani ya dakika tano. Tuseme mkulima anapata shilingi 100 kwa mwezi, na mshahara wa mjini ni 250. Mjini kuna nafasi 4 na watu 10 wanaozigombea. Bahati ya kupata kazi ni nne kwa kumi, na nne kwa kumi ya 250 ni 100, sawa na shamba. Hakuna sababu ya kuhama. Sasa serikali iongeze nafasi 2. Bahati inapanda hadi sita kwa kumi, thamani ya kwenda mjini inakuwa 150, na watu wanaendelea kupanda basi hadi wafike 15, ndipo mizani irudi pale pale. Wasio na kazi walikuwa 6, sasa ni 9. Umeongeza ajira, na umeongeza wasio na ajira.

Februari 2011 jarida hilo lilitimiza miaka 100, na likachapisha orodha ya makala 20 bora za karne yake. Makala ya Harris na Todaro imo, pamoja na za wachumi wengine mashuhuri: ya Hayek ya 1945, ya Friedman ya 1968 na ile ya Cobb na Douglas ya 1928. Kamati iliyochagua ilikuwa ya wachumi sita, miongoni mwao Kenneth Arrow na Robert Solow. (Makala ya Arrow mwenyewe kuhusu uchumi wa matibabu, ya 1963, nayo imo kwenye orodha. Sidhani kama kuna aliyeguna, kwa sababu hata adui yake angeiweka.) Majina yamepangwa kwa alfabeti. Hakuna namba moja, hakuna namba ishirini.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Tunaishi katika zama ambazo mtu akitaka kujua utafiti upi una uzito, anafungua kompyuta na kusoma tarakimu chini ya jina la makala: imerejelewa mara ngapi. Makala ya Harris na Todaro imerejelewa maelfu ya mara, kwa hiyo kompyuta na wale wazee sita wangekubaliana. Kwa nini basi tusumbue wazee?

Hesabu hii ina mwanzo wenye nia njema. Eugene Garfield wa Philadelphia alitoa wazo lake mwaka 1955, na 1964 akaanza kuchapisha faharasa iliyomwezesha msomaji kujua ni nani waliofuatia kazi fulani na kuitaja. Ilikuwa zana ya kutafutia. Baadaye ikazaa kipimo cha athari cha majarida: chukua mara zote ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Kwa mkutubi anayeamua jarida la kulipia, hicho ni kipimo cha maana. Taabu ilianza pale kipimo cha jarida kilipogeuzwa kuwa kipimo cha mtu aliyeandika ndani yake.

Fanya hesabu uone. Jarida limechapisha makala 50 kwa miaka miwili. Moja imerejelewa mara 200, na zile 49 zimegawana 100. Jumla ni 300, kipimo ni 6. Nani hapo ana 6? Hakuna. Mmoja ana 200 na wengine wana mbili mbili, lakini wote 50 wataandika kwenye wasifu wao kwamba wamechapisha kwenye jarida lenye kipimo cha 6. Ni kama wapangaji wa nyumba moja kujiita matajiri kwa kuwa mwenye nyumba ana gari.

Isitoshe, miaka miwili kwa wachumi ni kufumba na kufumbua. Makala inayokurejelea inaweza kukaa kwa wapitiaji, wale wasomi wanaoikagua kabla haijachapishwa, mwaka mzima, ikarudi, ikaandikwa upya, ikarudi tena.

Pamoja na hayo siwezi kujiunga na wale wanaotaka tarakimu zitupwe. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kupandisha madaraja, chuo sitakitaja, ambako faili la mhadhiri mmoja lilipita kwa sentensi mbili: "Huyu namfahamu. Ni kijana mzuri." Faili lililofuata lilikuwa la dada ambaye hakuna aliyemfahamu. Alisomea mbali, hakuwa na mlezi mezani. Mjumbe mmoja akaanza kuuliza kama kazi yake "ina uzito kweli," na katibu akafungua ukurasa uliokuwa umeambatanishwa: makala tatu, na orodha ya waliozirejelea, wengi wao wageni kabisa kwake. Maswali yakaisha. Siku hiyo namba ndiyo iliyokuwa shangazi wa yule dada. Anayezikashifu tarakimu aseme kwanza atamlinda vipi mtu kama yule dhidi ya "namfahamu."

Kisa cha mchumi George Akerlof kinasimama upande huohuo, ingawa watu hukitumia kwa hoja nyingine. Makala yake kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambamo muuzaji anajua ubovu wa gari na mnunuzi hajui, aliiandika 1966 na 1967 akiwa mhadhiri mpya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. American Economic Review waliikataa kwa kusema hawachapishi mambo madogo namna ile. Review of Economic Studies nao wakaiona ndogo. Journal of Political Economy wakaipinga kwa sababu nyingine: kama makala hii ni sahihi, wakasema, basi uchumi ungekuwa kitu tofauti. Ilichapishwa hatimaye 1970 katika Quarterly Journal of Economics, na 2001 Akerlof akashiriki Tuzo ya Nobel. Wengi wakikisimulia husema: mnaona, thamani haipimiki. Mimi nakisoma kinyume. Majarida matatu yenye heshima yalikosea, na waliosahihisha kosa ni wasomaji, kila mmoja kwa tanbihi yake, hadi ikawa miongoni mwa makala za uchumi zinazorejelewa zaidi duniani. Hukumu ya wakubwa ilishindwa na hesabu ya wengi. Kasoro ni kwamba hesabu hiyo inachelewa. Angepimwa 1969 angekuwa na sifuri, na ukurasa wa sifuri haubishaniwi.

Hata wachumi James Heckman na Sidharth Moktan, walioandika 2020 kuhusu udikteta wa majarida matano makuu ya uchumi, silaha yao mojawapo ilikuwa marejeleo. Walionyesha jinsi ajira ya kudumu katika idara kubwa za Marekani inavyofungwa kwenye majarida hayo matano, kisha wakaonyesha kwamba kazi nyingi zinazorejelewa sana zimechapishwa nje yake. Kwa hiyo tarakimu zinaweza kuwa mjeledi wa kumpigia mdogo, na zinaweza kuwa fimbo ya kumpigia mkubwa.

Zinachoshindwa kabisa ni kutofautisha sifa na lawama. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha, katika toleo la mada za mkutano la American Economic Review, makala fupi iliyosema kwamba deni la serikali likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi hushuka vibaya. Wanasiasa waliokuwa wakitafuta sababu ya kubana matumizi waliipokea kwa mikono miwili. Paul Ryan wa Bunge la Marekani aliitaja katika mpango wake wa bajeti. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa na wenyewe jedwali lao la Excel. Akalikuta na fomula iliyoishia mistari mitano kabla ya mwisho, hivyo nchi tano, tangu Australia hadi Denmark, zikaachwa nje ya wastani. Yeye na walimu wake wawili wakaongeza malalamiko mengine, kuhusu miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito. Wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni kubwa ukatoka hasi 0.1 hadi 2.2 kwa mia. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la jedwali, lakini wakashikilia kwamba deni kubwa bado linaambatana na ukuaji mdogo, na kwa kiasi fulani hata hesabu mpya ilionyesha hivyo.

Angalia kilichotokea kwenye daftari la marejeleo. Aliyeiamini makala aliirejelea. Aliyeikosoa aliirejelea. Mwalimu anayefundisha hadi leo hatari ya kuburuta fomula bila kuangalia naye anairejelea. Zote zinaingia safu moja, kila moja alama moja. Makala ikigombaniwa vya kutosha inaonekana nguzo ya fani.

Kuna upofu mwingine unaonigusa zaidi, na unanirudisha Nairobi. Mwaka 1972, miaka miwili tu baada ya Harris na Todaro, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti ya ujumbe wake uliokwenda Kenya chini ya Hans Singer na Richard Jolly. Ujumbe ule ulitembea mitaani, ukaona jambo ambalo ule mfano wa ubaoni haukuwa na nafasi nalo. Wale watu 9 wasio na kazi hawakuwa wamekaa. Walikuwa wakigonga mabati kuwa sufuria, wakishona, wakitengeneza baiskeli, wakiuza mboga. Tatizo, ripoti ikasema, ni watu wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini, kuliko watu waliokaa bure. Neno "sekta isiyo rasmi," ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa amelitumia kuhusu Accra, Ghana, lilienea duniani baada ya ripoti hii. Serikali ya Kenya ikaijibu kwa waraka rasmi namba 10 wa 1973 kuhusu ajira, na 1992 ukatoka waraka mwingine, namba 2, ukiwa na maneno "Jua Kali," jina ambalo Wakenya huwaita mafundi hao wa mtaani, kwenye kichwa chake.

Sasa ziweke kazi hizi mbili mezani. Moja ni kurasa zisizozidi ishirini katika jarida la kifahari, na kila kipimo kinaiona. Nyingine ni ripoti. Haina jarida, kwa hiyo haina kipimo cha jarida, na nyaraka za serikali zilizotoka baada yake si vitu ambavyo faharasa za marejeleo zilijengwa kuvihesabu. Fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, aliyepata banda la kukinga mvua juu ya tezo yake hakuandika tanbihi. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ilibadilisha jinsi serikali za Afrika Mashariki zinavyomtazama mtu wa mtaani, nitasema ripoti bila kusita. Ukiniuliza ipi ilibadilisha jinsi wachumi wanavyofikiri kuhusu uhamaji, nitasema makala, pia bila kusita. Marejeleo yanajibu swali la pili tu, na yanalijibu vizuri.

Ndiyo maana mhadhiri wa Dodoma au Mombasa akiandika kuhusu bei ya dagaa katika jarida la idara yake, wizara ikamwita kumsikiliza, fomu yake ya kupanda daraja inaweza kubaki na sifuri. Anajifunza haraka. Mwaka unaofuata anaandika kuhusu jambo ambalo wapitiaji wa ng'ambo wanalitambua, kwa takwimu wanazozitambua. Simlaumu. Ana watoto shuleni.

Kama ningepewa kupanga kikao kile cha madaraja, tarakimu ningeziacha ndani ya faili, ila kwenye bahasha iliyofungwa. Wajumbe wasome kwanza makala mbili ambazo mwombaji mwenyewe amezichagua, kila mmoja aandike nusu ukurasa kueleza zinasema nini na nani amezitumia, iwe mchumi wa Boston au ofisa kilimo wa wilaya. Kisha bahasha ifunguliwe. Pale ambapo nusu ukurasa na tarakimu vinapishana, hapo ndipo pa kujadili.

Nilimwambia mwenzangu mmoja wazo hili, mtu anayekaa kwenye vikao hivyo kila mwaka. Alicheka. Akaniuliza faili 14, kikao Ijumaa, na leo ni Jumatano: nani atasoma?