Muvi ya mwanajeshi, si ya mazimwi

Mwandishi umeielezea The Jacket ya 2005 kama muvi ya kutisha tu, mi hapo nakataa. Jamaa karudi toka Vita ya Ghuba 1991 na risasi ya kichwa, kumbukumbu zinakatika, anabebeshwa kesi ya kuua polisi halafu anapelekwa hospitali ya vichaa, wanamfunga lile koti la kubana mikono wanamsukumia kwenye droo ya mochwari giza totoro, Adrien Brody hapo anaigiza kwa macho na pumzi tu mpaka unaona hewa inakuishia wewe. Ile ya jamaa kuruka muda akiwa kwenye droo hadi mwaka 2007 inachosha kidogo, ila poa. Sasa nyie Bongo Muvi, vita ya Kagera tumepigana 1978 hadi 79, wazee waliopigana tunao mitaani humu humu Dar, mnashindwa nini kuwafuata mkae nao, kila siku michepuko na waganga?