Kigingi Kilichogeuka Kiti cha Chai

Nje kidogo ya Malaba, upande wa kwenda Tororo, kuna shimo la changarawe nyekundu, maramu kama tuitavyo huku, ambalo wachimbaji wake hunywa chai wakiwa wamekalia kigingi cha mpaka wa eneo la kibali cha kuchimba. Kigingi hicho cha saruji kilisimikwa juu, ukingoni. Ukingo ulimeguka, kikateremka nao. Nilipouliza mpaka uko wapi sasa, kijana mmoja aliinua koleo akaonyesha hewani: "Ulikuwa pale, mzee. Pale anapopita kunguru."

Majirani wanasema shimo limevuka eneo la kibali, wanataka lifungwe. Mwenye shamba anajibu kwamba ardhi ni yake, kavuka kwenda wapi? Ukiwasikiliza kwa utulivu, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Tuanze na mwenye shamba, maana hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Katiba yetu ya Uganda, ibara ya 244, inayakabidhi madini kwa serikali, lakini inaacha nje udongo wa mfinyanzi, maramu, mchanga na mawe ya kujengea. Dhahabu iliyo chini ya muhogo wako si yako. Maramu ni yako. Bunge lilipewa nafasi ya kudhibiti uchimbaji wa vitu hivyo ukiwa wa biashara, na Sheria ya Madini ya 2022 ikaviingiza. Kwa hiyo akichimba hatua kumi nje ya kigingi, bado ndani ya shamba lake, haibi mali ya mtu. Anakiuka karatasi. Ni kosa, lakini si kosa la uzito mmoja na kumla jirani ardhi yake.

Halafu kuna maumbile ya maramu yenyewe. Haifuati mshipa kwenda chini kama dhahabu. Imetandikwa kama mkeka chini ya udongo wa juu, mara nyingi unene wake ni mita chache tu, na ukiupita unakutana na udongo laini ambao mkandarasi wa barabara hautaki. Mchimbaji hana pa kwenda ila pembeni. Kibali kinachorwa ofisini kwa pembe nne, mkeka una umbo lake. Na hata anayeuheshimu mstari huchokonoa ukuta kwa chini, ambako changarawe hutoka kwa urahisi. Juu nyasi zimesimama, chini pana uwazi. Mwezi wa nne mvua inapiga usiku kucha, ukuta unalala, na kukicha shimo limevuka mpaka bila mtu kushika sururu. Hapo utamshtaki nani kwa kuvuka?

Wanaotaka sheria ikazwe nao hawabahatishi. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliikata barabara ya Kampala kwenda Masaka, na wengi walinyoosha kidole kwa wachimba mchanga wa Lwera, kinamasi kilicho kando ya barabara hiyo. Mchanga wa kinamasi si maramu ya kilimani, nakubali. Lakini mashimo madogo nayo yana vifo vyake: barabara ikikamilika mkandarasi huondoka, shimo hujaa maji, watoto huja kuogelea. Ndipo penye hoja yao bora zaidi. Kibali kikitolewa kwa eka mbili, mpango wa kufukia nao ni wa eka mbili. Eka ya tatu haina mpango wala mwenyewe.

Tatizo langu ni mahali rungu linapoangukia. Pale Acholi Quarter, mtaa wa Kireka pembeni mwa Kampala, familia zilizokimbia vita vya kaskazini zimeishi kwa kuponda mawe kwa nyundo. Machimbo ya namna hiyo yakifungwa ghafla, mwenye nyundo ndiye anayelala njaa, tipa inahamia kilima kingine. Na mkaguzi mwenyewe ni nani? NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, makao yake yako Kampala, idara ya jiolojia na madini iko Entebbe, na afisa mazingira wa wilaya mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki. Aliye karibu ni sabukaunti, serikali ya mitaa iliyo chini ya wilaya, na sehemu nyingi sabukaunti ndiyo inayotoza ushuru kwa kila tipa. Anayekula kwa idadi ya tipa hawezi kuomba zipungue.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuzihesabu pande nne za kibali kana kwamba ni sawa. Upande unaoelekea muhogo wa mwenye shamba, akivuka, alipie kibali cha nyongeza na mpango wa kufukia upanuliwe. Upande wa jirani, wa barabara na wa kijito, hapo pasiwe na huruma, tena mstari usipimwe kwa urefu na upana tu. Ukuta ukifika mita nne kwenda chini, basi ardhi isiyoguswa kati yake na jirani isipungue mita nne. Vinginevyo tunaipa mvua kibali.

Na mstari huo uandikwe kwa kipimo ambacho jirani anaweza kukisoma. Alama za GPS zilizoko kwenye faili hazimsaidii mtu kijijini. Mjane mmoja anayepakana na shimo lile ana kipimo chake: mfenesi. Kila mwisho wa mwezi hutembea kutoka shinani hadi ukingoni akihesabu hatua, kisha huandika kwa mkaa ukutani mwa jiko. Nilisoma 31, 27, 27, 22. Ukiniuliza, huo ndio ukaguzi pekee wa kweli uliofanyika pale, na hakuna ofisi iliyowahi kuuomba.

"Hii 27 mbona iko mara mbili, mama?"

"Mwezi huo tipa iliharibika, mwanangu."